Nyota iliyogeuka piko: kinachotendeka ndani ya athari za Inkscape

Shangazi yangu ni mchora piko. Maharusi wa Langoni, Lamu, humfuata yeye, na wengine huvuka kutoka Shela, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuwa na raba. Piko ikishagusa ngozi imegusa. Mkono ukiteleza, kosa atalifanya jani, jani atalifanya shina, mpaka bibi harusi asijue palikuwa na kosa. Siku aliyokuja kwangu kutaka kadi ndogo ya kazi yake alinikuta nachezea nyota kwenye Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Nyota ya ncha nane, ya kawaida kabisa. Nikaongeza namba moja, ncha zikawa petali. Nikaongeza tena, petali zikapishana zikawa vitanzi. Tena, na kwenye skrini pakatokea kitu kama uzi mwembamba uliofumwa na mtu mwenye subira isiyo ya kawaida.

“Hebu rudisha,” akasema.

Nikaandika sifuri. Nyota ikarudi na ncha zake nane, kali, kana kwamba hakuna kilichopita.

“Na ukikosa, wafutaje?”

“Sifuti, shangazi. Hakuna kilichochorwa bado.”

Alinitazama kama mtu anayetaniwa, nami nikacheka badala ya kumjibu. Jibu lenyewe ni refu, na ndilo hili.

Wengi wanaoanza kuchezea athari za programu za vekta hukwama mahali pamoja: wanaziona zote ni kitu kimoja. Menyu imejaa majina ya kupendeza, kila moja linapinda mchoro kwa namna yake, basi mtu hubonyeza, hushangaa, hubonyeza tena, na siku kazi inapokwenda kwa mchapaji ndipo mambo yanapoharibika. Kumbe humo ndani mna kazi za aina tatu zisizofanana hata kidogo. Ziko athari zinazogusa mstari wenyewe. Ziko zinazorudia umbo bila kulinakili. Na ziko zinazopaka juu ya mchoro kwa pikseli, yaani vijisanduku vidogo vya rangi, hizi ndizo zenye hila. Nitazungumza kwa Inkscape kwa sababu ndiyo ninayotumia na ni ya bure, ila mantiki ni ileile kwenye nyinginezo.

Barua, si picha

Ukipiga picha mlango wa nakshi kwa simu, ulichonacho ni vijisanduku vidogo vya rangi, safu juu ya safu, mamilioni yake. Ukiikuza, unakuza vijisanduku. Mchoro wa vekta hauna vijisanduku. Ni barua ya maagizo: anzia hapa, pinda kuelekea kule, ishia pale, jaza kahawia. Kila unapofungua faili kompyuta huisoma barua na kuchora upya kutoka mwanzo, iwe kwa ukubwa wa stempu au wa tanga.

Lugha ya barua hiyo ni SVG. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha toleo lake la kwanza mwaka 2001, mwaka uleule Mji Mkongwe wa Lamu ulipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Havihusiani, ila mimi hukumbuka kimoja kwa kingine. SVG ni maandishi matupu. Lifungue faili la nyota kwa programu yoyote ya maandishi na utasoma mle ndani kwamba hiki ni nyota, ina pande 8, umviringo wake ni kadha, mtikisiko wake ni sifuri. Utakutana pia na neno la ajabu, sodipodi, limeganda mbele ya sifa kadhaa. Ni jina la programu iliyoizaa Inkscape. Mwaka 2003 baadhi ya watengenezaji wa Sodipodi walijitenga wakaanza mradi wao, na jina la mzazi likabaki ndani ya kila faili mpaka leo, kama mwaka uliochongwa juu ya mlango unavyobaki baada ya nyumba kuuzwa.

Kwa hiyo nilipomwambia shangazi kwamba hakuna kilichochorwa, sikuwa namtania. Palikuwa na barua yenye namba, na mimi nilikuwa nabadilisha namba.

Vigingi vinne

Mstari wa kupinda ndio moyo wa yote haya, na asili yake ni viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliishughulikia hesabu yake akiwa Citroën kuanzia 1959, na kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault alifika palepale kwa njia yake katika miaka ya 1960, akachapisha, na mikunjo ikabeba jina lake. Hesabu ninayoipenda ni ya yule aliyefichwa, kwa kuwa unaweza kuifanya kwa rula na penseli.

Tuchore upinde wa juu wa kidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyojipanga kwenye kuta za nyumba za kale. Weka vigingi vinne kwenye mraba wa 100 kwa 100: cha kwanza chini kushoto, cha pili juu kushoto, cha tatu juu kulia, cha nne chini kulia. Vya chini ni mwanzo na mwisho wa mstari. Vya juu ni vishikio, yale mavijiti yenye vichwa vya duara yanayotokea ukibonyeza nodi, jina ambalo programu huviita vigingi vya mwanzo na mwisho. Sasa unataka kujua mstari utapita wapi ukiwa nusu ya safari. Zifuate pande tatu kutoka kigingi hadi kigingi, na kila upande utie alama katikati: unapata nukta tatu, ya kushoto kwenye kimo cha 50, ya juu kwenye kimo cha 100, ya kulia 50. Ziunganishe, utie alama katikati tena: nukta mbili, zote kwenye kimo cha 75. Ziunganishe hizo, katikati yake ni nukta moja, nayo ipo kwenye 75. Hapo ndipo mstari unapita. Badala ya nusu, tumia robo au theluthi, utapata nukta nyingine za upinde uleule. Kompyuta hufanya hivyo mara nyingi kwa kupepesa jicho.

Angalia kwamba vishikio viko kwenye 100 lakini mstari umefika 75 tu. Vishikio huuita mstari, mstari nao huitika bila kufika. Anayelielewa hilo huacha kupigana na kalamu ya Inkscape, na mimi lilinichukua mwaka mzima.

Rudi kwenye nyota. Namba ya umviringo si kitu kingine ila urefu wa vishikio. Ikiwa sifuri, havina urefu, ncha ni kali. Ikiwa 0.2 hivi, ncha zinalainika unapata ua. Ikipita 1, vishikio vinakuwa virefu kuliko nafasi kati ya ncha na ncha, mstari unarushwa nje, unarudi, unajikata wenyewe. Kwenye 3 na 4 vitanzi vinapandana. Ukiandika namba hasi, vishikio vinageukia upande wa pili, na vitanzi vinajifunga kwa mwelekeo mwingine. Ile namba nyingine, ya uwiano, inasema ncha za ndani ziko mbali kiasi gani na kitovu, nayo hubadilisha fundo lote kwa kusogea hatua moja ya mia. Ya tatu ni mtikisiko: 0.05 yatosha kuifanya nyota ionekane imechorwa kwa mkono. Ukifika 1 umeshachora ajali.

Hapo huzuka jambo ambalo watu hudhani ni hitilafu. Mstari ukijikata, ndani ya umbo panatokea vyumba vingi, na baadhi vimejaa rangi, vingine viko wazi. Nani kaamua? Ipo kanuni, tena ziko mbili, na vitufe vyake viwili vidogo viko kwenye dirisha la rangi, juu kulia, vimekaa kimya hakuna anayevigusa. Kanuni ya kwanza: simama ndani ya chumba chochote, nyoosha mstari mpaka nje kabisa ya umbo, uhesabu kuta ulizovuka. Ikiwa ni witiri, chumba kinapakwa. Ikiwa ni shufwa, kinaachwa. Kanuni ya pili inatazama ukuta unaelekea wapi. Ukivuka ukuta unaokwenda kushoto ongeza moja, ukivuka unaokwenda kulia punguza moja, na chumba kinaachwa wazi ikiwa tu jumla ni sifuri. Nyota yenye vitanzi ikiwa kwenye kanuni ya pili huwa bonge la rangi. Ihamishie kwenye ya kwanza, inakuwa kama kofia ya vito: tundu, uzi, tundu, uzi. Kitufe kimoja. Hakuna athari yoyote kwenye menyu inayonipa furaha ya bei rahisi kama hiyo.

Athari zinazogusa mstari

Katika menyu ya njia kuna dirisha la athari hai. Hizi huchukua mstari wako, zinausogeza vigingi, zinaongeza vigingi vipya, kisha zinakupa matokeo, na mstari wako wa asili unabaki. Unabaki wapi? Ndani ya faili lilelile. Barua inabeba mistari miwili: ule uliochora wewe na ule uliotoka kwenye athari. Kivinjari kinausoma wa pili tu na hakijui kwamba kuna wa kwanza. Inkscape inaijua yote miwili, ndiyo maana unaweza kulirudia umbo baada ya mwezi, ukasogeza nodi moja ya mstari wa asili, na athari yote ikajipanga upya mbele ya macho yako.

Kuna athari ya kuzungusha nakala: chora jani moja, iambie nakala 8, nayo italipanga kwa nyuzi 45 kuzunguka kitovu. Kuna ya kioo. Kuna ya kukwaruza, inayougawa mstari vipande vidogo na kukisukuma kila kimoja huku na huko. Na zinaweza kupangwa moja juu ya nyingine, ambapo mpangilio ndio siri. Ukikwaruza kwanza halafu ukazungusha, unapata petali nane zenye mkwaruzo uleule, kama muhuri mmoja uliogongwa mara nane. Ukizungusha kwanza halafu ukakwaruza, kila petali inakwaruzwa kivyake, na ua linaonekana limekatwa kwa mkono na mtu aliyechoka kidogo. Viungo vilevile, chungu kilekile, na chakula tofauti. Dirisha lina mishale ya kupandisha na kushusha, basi jaribu kabla hujaamini.

Ninayoipenda zaidi kuliko zote ni ya kujaza kati. Chora mistari miwili ya kupinda, mmoja kushoto na mmoja kulia, uombe mistari 40 katikati yake. Programu inachukua kila kigingi cha mstari wa kwanza na mwenzake wa mstari wa pili, inaigawanya safari yao sawasawa, na kila hatua inachora mstari. Matokeo ni kitu kilichojaa upepo. Nimechora matanga ya mashua kwa njia hii, mistari miwili tu: foromali juu, ukingo wa chini, na tanga likavimba lenyewe. Ila mistari ilingane kwa idadi ya nodi, na iwe imechorwa kwa mwelekeo mmoja. Ukichora mmoja kutoka juu kushuka na mwingine kutoka chini kupanda, kigingi cha kwanza hapa kinaoa cha mwisho kule, na tanga linasokoteka kama kamba ya nanga. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilifanya kusudi.

Siku ukiridhika, au siku mchapaji akitaka faili lisilo na mafumbo, unaivisha umbo: Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Kuanzia hapo nyota si nyota tena, ni njia yenye nodi nyingi, na namba zake zimekwenda. Ctrl na Z itakurudisha ikiwa hujafunga programu. Mimi huhifadhi faili la pili kabla ya kuivisha, na bado mara mbili nimeivisha lile lisilo lake.

Zinazorudia

Kloni ni jambo jingine. Bonyeza Alt na D juu ya umbo na utapata pacha, lakini pacha huyo hana mwili. Ndani ya faili ni mstari mmoja mfupi unaosema: mtumie yule, umsogeze hapa, umzungushe hivi. Kwa hiyo kloni 144 ni mistari 144 mifupi na umbo moja halisi, na ukilichezea umbo hilo moja, wote 144 wanacheza naye. Kwa mtu wa kutafuta maumbo ya dhahania hii ndiyo ngoma yenyewe. Panga safu 12 kwa 12, mwambie kila mmoja azunguke nyuzi 3 zaidi ya jirani yake, halafu uishike nodi ya mama na uiburute polepole. Uwanja mzima unapumua.

Dirisha la kupanga kloni lina orodha ya ulinganifu yenye majina makavu, P1, P4M, P6M na mengineyo, jumla 17. Si Inkscape iliyoamua idadi hiyo. Evgraf Fedorov wa Urusi alithibitisha mwaka 1891 kwamba njia za kurudia umbo kufunika bapa lote, kwa kusogeza, kuzungusha na kuakisi, ni 17 tu, na George Pólya akalithibitisha tena mwaka 1924 bila kupitia kwake. Mizunguko inayokubalika humo ni ya nusu, theluthi, robo na sudusi. Ya khumsi haimo: jaribu kufunika sakafu kwa vigae vya pande tano, pande na pembe zote zikiwa sawa, utabaki na mapengo. Ukirudia kwa mstari mmoja tu, kama pindo la leso au nakshi inayopanda kwenye mwimo wa mlango, njia ni 7. Nilipojua hilo nilikwenda kutazama milango ya Mkomani nikiwa na daftari, nikihesabu ni aina ngapi kati ya saba naziona barabarani. Punda wawili walinipita wakiwa na mawe ya matumbawe mgongoni, nikalazimika kujibanza kwenye baraza, na hesabu ikaishia hapo.

Kitu kimoja cha kuangalia: ukiweka asilimia ya bahati nasibu kwenye dirisha hilo, bahati inachezwa mara moja, unapobonyeza kitufe cha kuunda. Ukibonyeza tena, za awali zinaondolewa na bahati nyingine inachezwa. Ukipata mpangilio uliokukonga moyo, usibonyeze tena kwa tamaa.

Zenye hila

Sasa filta. Hapa ndipo penye maji, moshi, marumaru, kutu, na hapa ndipo watu wanapolia.

Filta haigusi mstari. Inasubiri mchoro uchorwe, inauchukua ukiwa pikseli, inaufanyia hesabu, inaurudisha. Ukungu, kwa mfano, huchanganya kila pikseli na jirani zake. Filta ndani yake ni mfululizo wa hatua ndogo, tokeo la moja likiingia kwenye nyingine, na mbili kati ya hatua hizo ndizo zinazozaa karibu kila athari ya kuvutia: mvurugo na usukumaji.

Mvurugo unatumia kelele ya Perlin. Ken Perlin wa Marekani aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaichapisha 1985, na mwaka 1997 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ikampa tuzo ya ufundi kwa ajili yake. Bahati nasibu ya kawaida ni mchele uliomwagika, kila punje kivyake. Kelele ya Perlin huweka bahati kwenye makutano ya gridi tu, halafu inalainisha yaliyo katikati, kwa hiyo badala ya punje unapata mawingu. Namba ya kwanza ni marudio: 0.01 maana yake wimbi moja katika kila vipimo 100 hivi, 0.1 ni wimbi katika kila vipimo 10. Unaweza kutoa namba mbili, ya ulalo na ya wima. Weka 0.005 kwa ulalo na 0.1 kwa wima, mawingu yanavutika yanakuwa mishipa ya ubao. Namba ya pili ni tabaka. Msimu wa kusi, simama ukingoni mwa Shela uitazame bahari: kuna mawimbi makubwa yanayoinua mashua nzima, juu yake kuna madogo yanayopiga ubavu, na juu ya hayo kuna vikunyanzi vinavyokimbizwa na upepo. Kila tabaka linaongeza mawimbi yenye marudio maradufu na nguvu nusu ya lililotangulia. Tabaka 1 ni ukungu mwororo, 5 ni mwamba. Ya tatu ni mbegu, namba yoyote unayopenda. Mbegu 7 inatoa mawingu fulani, mbegu 8 mengine kabisa, na mbegu 7 ya kesho ni ileile ya leo, kwa kuwa kiwango cha SVG kimeandika mpaka namna ya kuzalisha bahati hiyo.

Usukumaji unachukua mawingu hayo na kuyatumia kama amri. Kila pikseli inaangalia rangi ya wingu lililo mahali pake. Rangi ikiwa ya wastani kabisa, haisogei. Ikiwa kali inakwenda huku, ikiwa hafifu inakwenda kule. Kipimo kikiwa 30, hakuna inayosogea zaidi ya 15 kwa upande wowote. Andika neno, lipitishe humo kwa marudio 0.02, nalo litayumba kama jina la mashua linavyoyumba kwenye maji ya gati. Punguza marudio ya ulalo, na maji yanatulia. Kipandishe kipimo mpaka 200 na neno halisomeki tena, limebaki umbo. Huo ndio uwanja ninaoupenda, pale ambapo jicho bado linadhani kuna herufi.

Utakutana na ajabu mbili. Ya kwanza: moshi wako unakatwa pembeni kana kwamba kwa kisu. Filta ina eneo lake la kazi, ambalo lisipotajwa huzidi umbo kwa asilimia 10 tu kila upande, na kinachotoka nje hutupwa. Nenda kwenye kihariri cha filta, upanue eneo. Ya pili: kompyuta inakuwa nzito. Kloni 144 zenye filta ni hesabu ya pikseli mara 144, tena kila unaposogeza skrini. Ctrl na 5 ya kwenye pedi ya namba inakuhamisha kati ya namna za kutazama, na mojawapo huonyesha mchoro bila filta. Hariri humo, uziwashe ukitaka kuona.

Na sasa kosa langu. Nilichora bango la mashindano ya mashua kwenye ukurasa wa A4, nikijiambia ukubwa si hoja, vekta ni vekta. Bahari nzima ilikuwa filta. Kila nilipoikuza kwenye skrini ilikuwa safi, kwa sababu filta ilikuwa inakokotolewa upya kwa kila ukuzaji. Nikahifadhi kama PDF nikalituma Mombasa kuchapwa kwa upana wa mita 3. PDF haizijui filta hizi, kwa hiyo Inkscape inapohifadhi inazigeuza kuwa pikseli, na kipimo chake, usipokigusa, ni nukta 96 kwa inchi. Kutoka A4 ya ulalo hadi mita 3 ni kukuza mara 10. Nukta 96 zikawa 9.6, yaani kila nukta milimita 2.6 hivi. Maandishi yalitoka makali kama wembe, na nyuma yake bahari ya vigae. Mchapaji aliponipigia aliuliza kama ndiyo staili. Nikasema ndiyo.

Dawa ni kuamua mapema. Ikiwa kazi itakuzwa sana, mchezo wako uwe kwenye athari za mstari na kloni, ambazo hubaki barua mpaka kwenye mashine. Ikiwa lazima filta, chora kwa ukubwa halisi au ipandishe namba ile: kwa bango langu 1000 ingetoa nukta 100 kwa inchi baada ya kukuzwa, na faili lingekuwa zito, basi, liwe zito. Au toa picha ya PNG mwenyewe kwa ukubwa wa mwisho, uikuze mpaka mwisho, uitazame kwa macho yako kabla pesa hazijatoka.

Shangazi alirudi baada ya wiki. Hakutaka kadi tena, alitaka ile nyota ichapwe kwenye karatasi, ukubwa wa kiganja, aifanyie mazoezi ya piko. Sikuwa nimeihifadhi. Lakini nilikuwa nimeandika namba zake pembeni mwa risiti ya umeme: 8, 0.42, 3.6. Nikazichapa, vitanzi vikajipanga vilevile, na nikageuka kumtazama kwa majivuno.

“Si hii,” akasema.

“Ni hii, shangazi. Namba zilezile.”

“Ile ilikuwa nene.”

Unene wa mstari sikuuandika. Nikajaribu 1.5, akatikisa kichwa. Nikajaribu 2. Kwenye 2.4 akaweka kidole juu ya skrini. “Hapo.”